Ndege Iliyojua Mpaka

Jumamosi asubuhi Selwyn Haddow alikuwa amelala chali chini ya ndege yake, ndani ya banda la kunyolea kondoo, kichwa ndani na miguu nje, akitafuta kitu cha kufungia bolti. Ndege ilikuwa tayari. Mabawa yalikuwa yamevalishwa kitambaa na kupakwa rangi ya krimu iliyobaki walipopaka jikoni, injini ilishawashwa na kuwatia kiwewe kuku wa jirani, na Noeline, mkewe, alikuwa ameshona mto wa kiti cha abiria kutoka kwenye pazia la zamani la sebuleni. Kilichobaki kilikuwa waya.

Mtu ambaye hajawahi kuunda ndege anaweza kudhani waya ni jambo dogo. Injini hutetemeka, na kinachotetemeka hujifungua chenyewe taratibu. Ndiyo maana bolti ya maana hutobolewa tundu kichwani, hupitishwa waya, na waya husokotwa na kuvutwa upande wa kukaza, ili bolti ikitaka kulegea ikute mwenzake ameishika shati. Waya wenyewe una masharti. Uwe wa chuma kisichoshika kutu, unene wake ulingane na tundu, na uwe mpya, haujafunga kitu kingine kabla. Selwyn aliyajua masharti hayo yote kwa kichwa.

Lakini Selwyn alikuwa mtu wa Mangarewa, wilaya ya vilima na kondoo, na watu wa vilima vile wana imani moja ambayo haihitaji kanisa: hakuna kitu duniani kilichovunjika ambacho kipande cha waya wa seng'enge hakiwezi kukitengeneza. Kwa waya wa seng'enge wamefunga bomba la moshi la trekta, mlango wa mashine ya kufulia, mguu wa meza ya kanisani na, kwa mzee mmoja aliyeheshimika sana, meno ya bandia. Kununua waya dukani wakati bandani una waya ni kujitangaza kuwa wewe ni mtu wa mjini.

Na kwenye msumari ukutani kulikuwa na robota la waya mwembamba wa marehemu babu yake, Archibald Haddow, ambaye hakuwahi kutupa kitu hata alipokuwa anakufa. Ulikuwa waya wa kufungia wavu wa kuzuia sungura kwenye uzio. Selwyn akaujaribu kwenye tundu la kwanza, ukapita kama uliopimwa.

Noeline alimletea chai na skonzi, akachungulia, akauliza kama hivyo ndivyo kitabu kinavyosema. Selwyn akamjibu kwamba kitabu kimeandikwa na watu wanaouza waya. Noeline hakubishana, kwa sababu naye alikuwa na haja na ile ndege. Alizaliwa Kāwhia, ufukweni, akaolewa milimani, na tangu aolewe hajawahi kwenda kwao kwa barabara bila kutapika kwenye kila kona, na barabara ile ni kona tupu. Selwyn alikuwa amemwahidi kwamba dada yake atakapofanya sherehe ya kuzaliwa, watakwenda kwa njia iliyonyooka. Ahadi hiyo ndiyo iliyoiunda ndege. Mbao na gundi zilisaidia tu.

Kwa hiyo alifunga kila kitu kwa waya wa babu: bolti za rafadha, vizibo vya oili, na zile skrubu za kukazia kebo za usukani. Mkaguzi wa chama cha waunda ndege alikuwa bado hajaja. Selwyn aliona kwamba mtu akiruka juu ya shamba lake mwenyewe, na akaanguka juu ya shamba lake mwenyewe, hilo ni suala la familia.

Ndege iliruka vizuri. Ilipanda kutoka kwenye kile kiwanja cha kilimani wanachotumia marubani wanaomwaga mbolea mashambani kutoka angani, ikatulia, na Selwyn akalia kidogo, jambo ambalo baadaye alilisingizia upepo. Akaielekeza kaskazini. Ilipofika juu ya barabara, ndege iligeuka. Haikuyumba wala haikutikisika. Iligeuka polepole na kwa adabu, kama farasi mzee aliyefika getini, ikarudi nyumbani.

Akajaribu mashariki. Kwenye ile misonobari ya mwisho, ikageuka. Akajaribu kusini, ikageuka kwenye ukingo wa kilima. Akapanda juu zaidi, mpaka kondoo wakawa punje za mchele, na kule juu nako ikageuka palepale. Uzio wa mzee Archibald ulikuwa hauna mwisho upande wa juu. Selwyn alitua akamwambia mkewe kwamba ndege ni nzuri ila ina ukaidi kidogo, na Noeline akasema hilo hata kwenye ndoa yake amelizoea.

Siku iliyofuata alimchukua. Noeline alikaa kwenye mto wake na ufumaji wake mapajani, na yeye ndiye aliyeona jambo la upande wa magharibi. Barabara, misonobari na kilima vilikuwa mipaka ya shamba, na ndege ilikuwa inageuka penye mipaka. Lakini magharibi shamba linaishia kwenye kijito, na ndege haikufika kwenye kijito. Iligeuka mapema, upande huu wa Bonde la Chini, kwenye safu ya mawe ambayo hakuna aliyeitilia maanani.

"Mbona mtoni hatufiki?" aliuliza.

"Upepo," alisema Selwyn.

"Hakuna upepo."

Selwyn akakubali kwamba hakuna.

Bonde la Chini lilikuwa ndiyo nyama ya shamba la Haddow. Kwingine kote ni miinuko na baridi. Pale chini majani yalikuwa mabichi hata wakati wa kiangazi, na wanakondoo walionona pale ndio waliolipa karo, paa jipya na injini ya ndege. Pia palikuwa na makaburi. Ng'ambo ya kijito aliishi Anti Merania Hape, mama mtu mzima ambaye wilaya nzima ilimwita Anti, na bibi yake na ndugu wa bibi yake walizikwa ndani ya bonde lile. Kila alipotaka kuwasalimia, alikuja mlangoni kwa Selwyn kuomba ufunguo wa geti. Selwyn alimpa kila mara, kwa furaha, na kila mara akajiona mtu mwema.

Habari zilienea upesi, kwa kuwa Mangarewa haina sinema. Jumapili iliyofuata watu walianza kuja na viti vyao kuitazama ndege ikigeuka. Mtu alileta jiko la kuchomea soseji. Wengine waliweka dau ni jiwe lipi hasa itageukia, lakini dau likafa, maana ilikuwa jiwe lilelile. Anti Merania naye akaja na kiti chake cha kukunja. Aliomba ufunguo, akafungua geti, akakaa kwenye ile safu ya mawe, na kila mara bawa la ndege lilipoinama juu yake aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia hadithi anayoijua ikisimuliwa vizuri.

Alipoulizwa, alieleza. Uzio ulikuwa hapa, kwenye mawe. Kisha ikaja ile vita kubwa ya kwanza, na babu yake Anti Merania na kaka za babu huyo wakapelekwa ng'ambo kuchimba mahandaki. Archibald Haddow hakwenda, kwa sababu macho yake yalikuwa dhaifu, ingawa majani mabichi aliyaona vizuri. Waliorudi walikuta uzio uko kijitoni. Ule wa zamani ulikuwa umeng'olewa, umekunjwa, umetundikwa mahali. Ramani ya halmashauri ilichorwa baadaye, na mchoraji akachora uzio alipoukuta. Familia ya Hape ilisema. Watoto wao wakasema. Anti Merania amekuwa akisema tangu ana nywele nyeusi, na watu walimsikiliza kwa heshima na kumwongezea chai.

Lisemwalo lipo. Sasa lilikuwa lipo juu angani, lina injini, na lilionekana kutoka barabarani. Hakuna aliyebisha. Ofisa wa halmashauri alikuja Jumapili moja, akala soseji mbili, akatazama ndege ikigeuka, akakiri kwamba mpaka umeonyeshwa waziwazi kabisa. Akasikitika kwamba ofisi haina utaratibu wa kupokea ushahidi wa ndege. Akaomba na ya tatu.

Sherehe ya Kāwhia ikakaribia, na Selwyn akamwita mkaguzi. Fergus Tulloch alikuwa mtu mnene mwenye masharubu, na kazi yake ilikuwa kuwavunja moyo waunda ndege ili wasivunjike shingo. Aliizunguka ndege na tochi mdomoni. Noeline alikaa pembeni akifuma. Anti Merania, ambaye alikuwa amekuja kuomba ufunguo, alikaribishwa chai naye akakaa juu ya robota la sufu. Tulloch akaingiza mkono kwenye skrubu za usukani, akauvuta waya kwa kidole.

"Huu umeutoa wapi?"

"Wa babu."

"Babu alikuwa rubani?"

"Alikuwa na kondoo."

"Basi umefunga kondoo, bwana. Ulitegemea afanye nini akifika kwenye mpaka?"

Akaeleza, bila haraka, akila skonzi. Waya uliokwisha kusokotwa mahali ukifunguliwa hautumiki tena. Unabaki na mikunjo ya kazi ya kwanza ndani yake, na hiyo mikunjo ndiyo inayoukata. Kuna nyaya zinazokatika na kuna zinazokumbuka, alisema, lakini ugonjwa ni mmoja. Alishawahi kukagua ndege ya mtu aliyetumia waya wa mzinga wa nyuki, na yule mtu mpaka leo anaruka ua kwa ua.

"Huu haujamaliza kazi yake, ndiyo maana," alisema Anti Merania. "Selwyn, mwanangu, rudisha uzio kwenye mawe. Ukiurudisha, waya huu utakuachia uende unakotaka."

Selwyn aliitazama chai yake. Aliona haya. Mtu asidhani hakuona; zilimpanda mpaka masikioni. Alijifunza kuogelea kwenye kijito kile pamoja na mdogo wake Anti Merania, aliyekwisha kufa. Aliwaza pia wanakondoo wa Bonde la Chini, na jinsi shamba litakavyokuwa bila wao, vilima na upepo na mzee mmoja akihesabu gharama.

"Hata akiurudisha, mimi siupitishi," Tulloch alisema. "Umeoza ndani. Siku moja utakatika mkiwa juu, na mkeo yumo."

Ilikuwa kama mtu aliyekuwa anazama ametupiwa kamba. Selwyn akainua uso. Akasema kwamba yeye kwa upande wake angependa sana kulifikiria suala la uzio, lakini wamesikia wenyewe: usalama kwanza. Hawezi kucheza na maisha ya mkewe.

Noeline alimaliza mstari aliokuwa akiufuma.

"Si ufanye yote mawili," alisema. "Uzio urudi, na waya ubadilishwe. Nani kakuzuia?"

Tulloch aligundua kuna makombo kwenye masharubu yake, akayashughulikia. Selwyn akasema hilo ni wazo zuri. Akarudia kwamba ni wazo zuri mno, na kwamba yeye anashangaa hawakulifikiria mapema. Kisha akaenda ndani kupiga simu ya kuagiza waya.

"Na la pili?" Noeline alimuuliza jioni, akimenya viazi.

"Moja moja, mke wangu. Sherehe ni wiki ijayo."

Waya aliuchagua kwa makini, wala hakuna mtu aliyewahi kuchagua waya kwa makini kama yeye. Aliuliza habari ya waya wa shaba, akaambiwa huo ni laini, hufungwa mahali ambapo mtu atataka kuukata kwa mkono siku ya hatari, hivyo haufai hapa. Aliuliza unene, akaupima kwenye kila tundu. Hakusumbuka na bei. Tulloch, kwenye simu, alisema laiti wateja wote wangekuwa hivi. Robota lilipofika kutoka mjini Hamilton liling'aa juu ya meza ya jikoni, na Selwyn akalishika mkononi akaridhika nalo. Lilikuwa halijawahi kuzuia chochote maishani mwake. Haya zake zilikuwa za kweli, na zilidumu mpaka waya ulipofika.

Tulloch mwenyewe aliukata waya wa zamani vipande vifupi, kama kanuni inavyotaka ili usije ukatumiwa tena, akavitia ndoo ya takataka. Walifunga mpya wakisaidiana, misokoto imebana na kulingana, yote ikivuta upande wa kukaza. Ilikuwa kazi safi. Anti Merania, aliyefika kuomba ufunguo, akaomba na ile ndoo.

"Anti, hizo ni takataka," Selwyn alimwambia.

"Takataka nazijua," alisema Anti Merania. "Nimekaa nazo jirani maisha yangu yote."

Selwyn akacheka, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda utani, akambebea ndoo mpaka kwenye gari.

Siku ya sherehe hali ya hewa ilikuwa njema. Noeline alivaa gauni lake la bluu, akakaa kwenye mto wake, keki akaipakata. Walielekea magharibi. Safu ya mawe ilipokaribia, mkono wa Selwyn ulisubiri usukani ugeuke wenyewe, kwa mazoea, lakini usukani ukatulia. Ndege ikapita juu ya mawe. Chini, Anti Merania alikuwa kwenye kiti chake mahali pake. Noeline alimtazama mpaka bawa likamficha. Halafu likapita bonde, kikapita kijito, kikapita na kila kitu, na waya mpya haukujua tofauti yoyote.

"Umeona?" Selwyn alisema. "Imepita kabisa."

"Nimeona."

Kāwhia walipokewa kwa shangwe. Dada mtu aliizunguka ndege akiipapasa, watoto wakagombea kupigwa picha, na Selwyn akaeleza habari za waya kwa mtu yeyote aliyesimama karibu: kwamba siri yote ya kuruka ni kuchagua waya unaofaa. Noeline alivua viatu, akakunja gauni, akaingia baharini mpaka magotini. Alisimama pale muda mrefu. Alipoitwa mara ya tatu kwamba chai inapoa, alitoka akamwambia mumewe kwamba yeye atarudi kwa barabara.

"Utatapika," Selwyn alimkumbusha.

"Nitatapika."

Na alitapika, kwenye kila kona, kichwa nje ya dirisha la gari la shemeji, gauni la bluu likaharibika. Tangu siku hiyo ndege ilikuwa na abiria wengi, lakini yeye hakuwamo. Hakumnunia mumewe. Alimpikia, alimfumia soksi, na akimuuliza habari za uzio, Selwyn alimjibu kwamba suala hilo hajalisahau.

Anti Merania alikuwa na kondoo jike wachache, wa kujifurahisha tu. Aliwafunga shingoni kila mmoja kamba yenye kipande cha waya kutoka kwenye ile ndoo, akakisokota kwa koleo na kukikunja ncha ili kisiwachome. Asubuhi yake kondoo walivuka kijito, wakaufikia uzio wa Selwyn wenye nyaya zake zote zilizokazwa, wakapita katikati yake kama wanaoingia nyumbani. Walikula Bonde la Chini mpaka kwenye safu ya mawe. Hapo wakageuka. Upande wa pili wa mawe kulikuwa na majani matamu vilevile, nao hawakuweka hata kwato.

Mbwa wa Selwyn, ambaye hubwekea hata mawingu, alinyanyua kichwa, akawatazama, akalala tena. Selwyn aliwaswaga kondoo akawatoa getini. Kabla hajafika nyumbani walikuwa wamerudi. Akawatoa tena siku ya pili, na ya tatu mgongo ukamkatalia. Majirani walisema ndivyo walivyo kondoo, na mama mleta barua akasema uzio una pande mbili, kilichomzuia huyu lazima kimruhusu yule. Watu wa Jumapili walileta viti vyao kwa muda mfupi, kisha wakachoka, maana kondoo hawana mbwembwe za ndege. Selwyn mwenyewe aliwazoea, akawa anawapungia mkono akipita.

Majira ya kuchipua walizaa, wote mle bondeni, na karibu kila mmoja alizaa pacha. Wanakondoo hawakuwa na waya shingoni. Jioni mama zao walipoondoka kwenda ng'ambo kunywa maji kwenye hodhi la Anti Merania, watoto waligonga vichwa kwenye uzio, wakabaki ndani wakilia, mpaka mama zao waliporudi kuwanyonyesha.

Ikafika siku ya kutia alama masikioni. Selwyn aliwakusanya wanakondoo wa bonde zima, akawapitisha mmoja mmoja, na wale waliozaliwa na kondoo wa Anti Merania nao wakaja na wenzao. Anti Merania alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio.

"Selwyn. Hao wana mama zao hapa."

"Najua, Anti," Selwyn alisema, na alisema kwa upole. "Lakini wamezaliwa upande huu. Mimi nitafanyaje?"

Akawatia alama ya Haddow kwenye sikio la kushoto, kwa mkono mwepesi, bila kuwaumiza zaidi ya inavyolazimu. Mama zao hakuwagusa hata mmoja. Jioni, akinawa mikono jikoni, alimweleza Noeline jambo hilo kwa fahari kidogo, kwamba wale wakubwa walipita mbele yake wamenona, sufu imejaa, na angeweza kuwachukua nao, lakini aliwaacha wapite. Mali ya mtu, alisema, ni mali ya mtu.